Maneno Matatu ya Papa

Pwaa.

Niliisikia kabla sijaona chochote. Ilikuwa mwaka jana, asubuhi ya Jumamosi, nami nilikuwa bado kitandani katika chumba nilichopanga Glenwood, mjini Durban, mapazia yamefungwa, na nyuma ya ukuta wa jirani mpira mgumu ukatua ndani ya ngozi. Kikafuata kimya kidogo, kile kimya cha mtu anayerudisha mkono nyuma, kisha pwaa tena. Asiyewahi kuishi na sauti hiyo angedhani kuna mtu anakung'uta zulia. Mimi viganja viliniwasha. Nilivitoa chini ya shuka nikavitazama, viganja vya mwanamke mzima, na vilikuwa vinawasha kama vilivyowasha nikiwa na miaka kumi na mmoja, Isipingo, nyuma ya nyumba yetu, nikimdakia baba yangu.

Nitawasimulia jambo ambalo mama yangu hajalisikia mpaka leo. Ni habari ya kisasi. Kanisani tulifundishwa kwamba kisasi ni cha Mungu, na mama mmoja wa kwaya alipenda kuongeza kwamba kisasi cha binadamu ni kichungu mdomoni. Huyo mama hakuwahi kukionja. Changu kilikuwa kitamu. Kilikuwa kitamu kwa muda wa robo saa hivi, na robo saa ile naikumbuka kuliko siku niliyohitimu chuo.

Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alikuwa mrusha matofali. Hiyo ni kazi kamili. Kwetu Bukavu ghorofa ikijengwa, fundi husimama juu kwenye mbao na mrushaji husimama chini. Fundi akisema "Leta," tofali linapaa, linafika mkononi mwake kwa upole kama limepelekwa kwenye sahani, naye analipanga bila kuinama. Papa alisifiwa kwa sababu fundi wake angeweza kusimama palepale asubuhi nzima asihamishe hata kidole cha mguu. Alipofika Durban alipata kazi ileile kwenye majengo ya Queensburgh, na huko msimamizi mmoja mpenda besiboli alimtazama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akamwekea mpira mkononi badala ya tofali.

Kwa ambaye hajauona mchezo huo, nitasema kwa kifupi. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo. Mdakaji amechuchumaa mbele yake, hatua ishirini na kitu, na glavu kubwa ya ngozi. Karibu na mdakaji anasimama mtu wa timu ya pili ameshika gongo. Mrushaji anataka mpira umpite yule mwenye gongo, na mwenye gongo anataka kuupiga mpaka upotee. Mengine yote ni mapambo.

Jioni Papa alirudi na vumbi la saruji masikioni, akanawa, akaniita uani. Nilikuwa mdakaji wake wa kwanza. Alikuwa ameniletea glavu kuukuu, kubwa kuliko kifua changu, nami nilichuchumaa mbele ya ukuta wa choo ili mpira ukinipita usiende kwa jirani. Alikuwa na namna tatu za kurusha, nasi tuliziita kwa majina ya jikoni. Bugali, yaani ugali, ulikuwa mpira wa nguvu, ulionyooka, ule unaokuja moja kwa moja tumboni. Sombe, ambayo wengine mnaiita kisamvu, ulikuwa wa polepole, kwa sababu sombe haikubali haraka. Mpigaji anazungusha gongo na mpira bado uko njiani. Na ndagala ulikuwa ule unaokuja vizuri halafu unateleza chini ghafla, kama dagaa anayekuponyoka vidoleni ukimsafisha. Mimi nilichagua, yeye akarusha.

"Sema kwa sauti, mama," alikuwa ananiambia. Kwetu baba humwita binti yake mama. "Usinionyeshe vidole. Sema paka kwa mudomo." Yaani kwa mdomo tu.

Nikasema. Jirani zetu, wenyeji wa hapo, walituzoea: kila jioni mtoto mmoja nyuma ya choo akitangaza chakula kwa sauti ya mnada, na baada ya kila chakula, pwaa.

Mwaka wa pili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa Afrika Kusini, wafanyabiashara fulani walianzisha ligi ya kulipwa ya besiboli. Ilikuwa na timu nne tu, ikaishi msimu mmoja, kuanzia Oktoba mpaka Machi, kisha ikafa bila mazishi. Lakini kwa miezi ile ilikuwa ligi kweli, yenye jezi na mikataba, na timu iliyovaa kijani ilimchukua Papa. Aliacha matofali. Wachezaji wenzake walimwita Bricks, matofali kwa Kiingereza.

Mdakaji wake alikuwa kijana wa Kizulu anayeitwa Sbu, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Kwa kawaida mdakaji humpa mrushaji ishara kwa vidole, amevificha katikati ya mapaja. Papa alimweleza kocha kwamba vidole huibwa. Kiswahili, alisema, hakiwezi kuibwa na mtu yeyote katika ligi hii. Kocha alilipenda wazo hilo kama mtoto anavyopenda siri. Kwa hiyo Sbu alikuja kwetu kufundishwa, na mwalimu nilikuwa mimi. Mama alimpikia vyote vitatu ili asivisahau.

"Eish, sisi," aliniambia, kwa maana ya dada, akijipakulia mara ya tatu, "hii sombe nitaikumbuka hata nikifa. Hiyo samaki ndogo ndiyo itanichanganya."

"Ndagala."

"Ndakala."

"Inatosha," Papa akasema, akicheka. "Batashindwa kuielewa hata zaidi."

Lilikuwa wazo zuri lenye kosa moja. Durban ilijaa Kiswahili. Kilikuwa saluni, kwenye maduka ya simu, makanisani, sokoni. Wao walihesabu kwamba hao wote hawana habari na besiboli, na walihesabu sawa. Hawakunihesabu mimi.

Mwezi wa Novemba Papa alisema timu imempatia chumba Glenwood, karibu na mazoezi, na kwamba atakuja nyumbani Jumapili. Alikuja Jumapili mbili. Mama alikuwa anasuka nywele kwenye saluni moja karibu na stendi ya teksi, daladala za Durban, na saluni ni mahali ambapo habari hufika ikiwa imeshachanwa na kupakwa mafuta. Nilikuwa nimekaa chini nikimtenganishia rasta wakati mteja mmoja, mtu wa Uvira, alipoisema bila kugeuza kichwa, maana kichwa chake kilikuwa mikononi mwa mama.

"Mama Riziki, sipendi maneno ya batu. Lakini bwana yako minamuonaka Glenwood. Iko anabeba sac ya mwanamuke moja ya université."

Yaani Papa alikuwa akimbebea mkoba mwanamke wa chuo kikuu. Mama hakuacha kusuka. Msuko ule mmoja ulitoka umekaza sana, mpaka mteja akasema taratibu, "Mama Riziki, quand même, kichwa ni yangu."

Mama hakulia mbele yangu wala hakwenda Glenwood. Alifanya jambo moja tu. Kila Jumamosi alinivalisha gauni la kanisani, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akanikabidhi kwa Sbu anipeleke uwanjani Queensburgh. "Nenda baba yako akuone," alisema. Aliamini kwamba mtu akimwona mtoto wake amepakwa mafuta vile, miguu itamrudisha yenyewe.

Basi nilikwenda nikaonekane.

Hapa lazima niwaeleze malezi yetu, maana bila hayo mtaniona mpumbavu. Kwetu mtoto hamwiti mkubwa kwa mbali. Unasimama mahali pa wazi, mikono mbele, unangoja akuone. Akikuona atakuita, ndipo unakwenda kusalimia kwa adabu. Kumpigia mkubwa kelele kutoka ng'ambo ni kumfanya mwenzako, au mbuzi. Sikuwahi kufundishwa hilo kwa maneno. Nililinyonya na maziwa, na hata Sbu nilimwomba asimwambie Papa kwamba nipo: nilitaka anione mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye uzio wa waya, hatua kama thelathini kutoka benchi lao, na kifurushi cha ndagala wa kukaanga ambao mama aliwafunga kwa gazeti. Papa alitoka, akanyoosha mabega, akageuka. Uso wake ukaja moja kwa moja kwangu. Ukakaa pale kwa muda wa pumzi moja, pengine mbili. Nikaanza kutabasamu. Kisha akageukia kwingine, akafunga kamba za kiatu.

Nikasema moyoni ana mawazo ya mchezo. Ndagala nilimpa Sbu.

Mara ya pili ilikuwa Isipingo kwenyewe, siku ya katikati ya wiki, nikitoka shule. Papa alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara kwenye stendi ya teksi, amevaa fulana ya kijani. Nilisimama kwenye robot, ndivyo huko wanavyoita taa za barabarani, nikashika mikanda ya begi, nikangoja. Taa zilibadilika mara nne. Alitazama upande wangu. Alinitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa duka lililofungwa. Kisha akamwuliza kijana wa teksi jambo fulani, akapanda gari, akaenda.

Mara ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa Februari, uwanjani tena, mimi mahali pangu kwenye uzio. Pembeni yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa mkoba wake, alisimama mwanamke mrembo mwenye nywele fupi na vitabu kifuani. Nilimjua bila kuambiwa. Papa alipotoka, mwanamke yule akapaza sauti, akamwita kwa jina lake bila haya yoyote, "Bahati!" Papa akageuka, meno yote nje, akapunga mkono. Alipunga kuelekea upande wetu sote wawili, lakini tabasamu lilikuwa la yule mmoja. Mimi nilikuwa hapo hapo, magoti yaking'aa.

Sikumwambia mama. Nilipofika nyumbani akaniuliza, "Amekuona?" nikajibu, "Ameniona." Ilikuwa kweli, nilivyoijua mimi. Usiku ule nilifikiri kama mtu mzima anavyofikiri, polepole na kwa mpangilio. Papa alikuwa na kitu kimoja tu kilichomshikilia Glenwood, nacho ni besiboli. Besiboli ikimtema, timu itamnyang'anya jezi, mwanamke wa vitabu atatafuta mwenye jezi nyingine, na Papa hatakuwa na pa kwenda ila kwetu. Atarudi akiwa mdogo. Atabisha hodi. Na mimi, nilijiahidi, nitamtazama kwa muda wa pumzi mbili, halafu nitafunga kamba za kiatu changu.

Mechi ya mwisho wa msimu ilikuwa kati ya timu ya kijani na timu ya wekundu, na mshindi angechukua ligi. Jua lilikuwa la Machi, lile la Durban linalokaa mgongoni kama mtoto mzito. Kwa saa nzima ya kwanza Papa hakuguswa. "Bugali," Sbu aliita, na mpira ukapita kabla gongo halijaamka. "Sombe," na mtu mzima akazunguka na gongo lake mpaka akakaa chini. Watu walicheka. Wale wekundu walitazamana kila neno lilipoitwa, kama watu wanaosikia wanasengenywa.

Nilitembea kandokando ya uzio mpaka nyuma ya benchi lao. Kocha wao alikuwa mzee mwenye masikio yaliyobabuka kwa jua, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda. Tuliongea kwa Kiingereza, changu cha shule.

"Najua atakachorusha," nikamwambia.

Hakugeuka. "Kila mtu anajua, binti, ukishapita."

Sbu akaita. "Sasa ni wa polepole," nikasema. Ukaja polepole. Sbu akaita tena. "Huu utaanguka chini." Ukaanguka. Mzee akatema maganda. Sbu akaita mara ya tatu. "Huu umenyooka, wa nguvu." Ukapita kama ulivyoagizwa, na mzee akaacha kutafuna.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili."

"Umejifunza wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Alinitazama vizuri sasa, gauni langu, magoti yangu, uso wangu. Nafikiri aliuona uso wa mtu mwingine ndani ya huo wangu, maana aliuliza kwa sauti ya chini, "Una uhakika unataka kufanya hivi?" Nikamwambia maneno yote matatu, na maana zake, na nikayarudia ili asikosee.

Robo saa niliyowaambia inaanzia hapo. "Bugali," Sbu aliita, na mwenye gongo alikuwa ameshakita miguu kuungoja. Ukalia kama mlango wa bati na kuruka juu ya vichwa vyetu. "Sombe," na huyu wa pili akangoja, akangoja kwa raha zake, kisha akaupiga. Kila alichopika Papa, walikila. Nilishika waya kwa vidole vyote kumi. Niliona mabega yake yakipanda kuelekea masikioni, nikaona anafuta jasho, anamtazama Sbu, anatazama mpira kana kwamba umebadilishwa. Nilikuwa nahesabu: pigo hili ni la gazeti la ndagala, hili ni la robot, hili ni la Bahati. Sikujisikia mtoto mbaya. Nilijisikia mrefu.

Kisha Sbu akaita "Bugali" mara nyingine, sauti yake imeanza kukauka, na mpigaji akaupiga ukarudi ulikotoka. Ulikuwa mpira wa chini, umenyooka, wa haraka. Mrushaji yeyote anajua la kufanya: unainua glavu, au unajitupa. Papa hakufanya lolote. Aliusimamia kama mtu anayesubiri basi. Ukampiga kwenye mkono wa kulia, ule mtupu, na sauti haikuwa pwaa. Ilikuwa sauti ya kuni kavu.

Sbu ndiye aliyemfikia kwanza. Kwenye benchi la wekundu vijana wawili, kwa furaha tu, kwa upuuzi wa ujana, walikuwa wanaimba, "Bugali, bugali," na Papa, amepiga magoti na mkono kifuani, aliwasikia. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia alichomwambia Sbu.

"Ni weye."

"Bricks, hapana. Bra, ndugu yangu, niangalie."

"Hakuna mwingine mwenye kujua. Ni weye."

Kocha wa kijani alisikia pia. Sbu aliambiwa siku ileile kwamba asirudi. Tulipanda teksi pamoja kurudi Isipingo, yeye na mimi, glavu yake kubwa magotini, na tuliposimama kwenye robot ya mwisho kabla ya stendi akanigeukia.

"Sisi, mimi sikusema."

"Najua," nikajibu. Ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

"Mwambie baba yako. Wewe atakusikiliza."

"Nitamwambia."

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mlango uligongwa. Papa alikuwa anabisha hodi kwenye nyumba aliyoipaka rangi yeye mwenyewe. Mkono wa kulia ulikuwa na plasta mpaka kiwiko, na wa kushoto ulishika begi. Yote yalikuwa yametimia kama nilivyopanga kitandani: jezi ilikwisha, mwanamke alikwisha, na begi lilikuwa limejaa.

"Karibu," mama akasema.

Kisha nikamwona mama yangu akifanya jambo ambalo mimi na akili zangu zote nisingeliweza. Alitandika kitambaa cha maua juu ya meza ndogo. Alifungua kabati akatoa sahani za kioo, zile za mchungaji akitutembelea. Alimnawisha Papa mkono wa kushoto kwa maji ya uvuguvugu, akimshikia beseni na kugeuza uso pembeni kwa heshima. Alimkalisha kwenye kochi, si kwenye kiti chake cha siku zote karibu na jiko. Mbele yake akaweka bugali mdogo wa duara, laini, uliofunikwa, na kando yake kijiko.

Papa alikitazama kijiko. "Sasa hii tena, Mama Riziki? Miye ni mugeni?"

"Mukono inauma. Kula."

Alikula. Alisimulia mambo ya mkono, na mifupa miwili, na kwamba daktari alisema matofali basi. Alisema Sbu alimuuza kwa wekundu, na kwamba asingemsamehe hata mbinguni. Mama aliitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa, kwa adabu, kama anavyoitikia habari za watu wa mbali. Kisha Papa akanigeukia.

"Mama, walikuambia mambo ya siku ile?"

"Nilikuwa pale," nikasema.

"Pale wapi?"

"Kwa uwanja. Ninaendaka kila Jumamosi."

Kijiko kilisimama. "Kila Jumamosi? Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mbona haukuniita?"

Nilidhani ananidhihaki. Nawaambia ukweli, nilimchukia wakati ule kuliko nilivyomchukia kwenye robot. Alinitazama kwa macho yake mawili, mara tatu, halafu anauliza mbona sikumwita.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopimwa macho mara ya kwanza. Ubao wa darasani ulikuwa umeanza kuyeyuka. Yule dada wa miwani alinivalisha kioo kimoja, akaweka kingine, na ghafla ng'ambo ya barabara watu wakapata nyuso. Niliona mama mmoja akimkunjia mtoto kola. Niliona masharubu. "Haya ni ya kurithi," dada akasema. "Nani kwenu haoni mbali?" Nikajibu hakuna. Kisha nikakaa kwenye kile kiti na mambo yakaanza kufika moja moja, bila kubisha. Papa akisogeza simu mpaka puani. Papa stendi akiniuliza, "Mama, ile teksi inaandikwa wapi?" nami nikidhani ananipima Kiingereza. Fundi juu ya ghorofa akisema "Leta," na tofali likifuata sauti. Usinionyeshe vidole, sema paka kwa mudomo. Na mpira ule wa chini, wa haraka, ukimjia mtu aliyesimama anausubiri kwa masikio.

Nilimpigia mama simu nikiwa palepale. Akacheka kidogo. "Baba yako? Ule hakukuwa anaona hata ng'ombe katika barabara. Alinikataza kusema; kwa chantier ya kujenga hawamuchukuake mutu wa macho mabaya." Kisha akaniuliza swali ambalo hakujua linagusa nini. "Lakini weye ulimukaribia, si ndiyo? Nilikutuma akuone."

Nilitegemea kwamba miwani ingenitoa hasira. Iliitoa nusu. Hakunidharau pale kwenye uzio. Hakuwa na mtu wa kumdharau, alikuwa na ukungu wenye gauni. Hilo nimelilia, na la Sbu nimelilia zaidi, maana nilimtafuta nikiwa mkubwa na mtaa wao ulikuwa umeshahamwa. Lakini kuna hesabu nyingine ambayo nikiipiga jibu huwa lilelile. Mtu asiyeona mbali, akitaka kumwona mtu wake, husogea. Kutoka Glenwood mpaka Isipingo ni teksi mbili. Hakusogea.

Jumapili ile sikuwa na hesabu hizo. Nilikuwa na sentensi moja mdomoni, *si Sbu*, ikinizidi ukubwa. Papa alimaliza kula. Akalivuta begi karibu na mguu wake, akangoja aambiwe aliweke wapi. Mama aliinuka, akakunja kitambaa cha maua mara mbili, mara nne, akamshukuru kwa kutukumbuka. Alimtakia mkono upone. Alimwambia awasalimie wote huko aendako, na Papa, ambaye hakuwa na huko, akaliinua begi.

Kwetu mgeni hatoki peke yake.

"Riziki," mama akasema, bila kuinua sauti, "sindikiza mugeni."

Nilikwenda naye mpaka mlangoni. Pale akageuka, akainama, akausogeza uso wake karibu na wangu mpaka nikasikia harufu ya sombe, karibu kuliko mtu yeyote anavyohitaji. Akanitazama kwa utaratibu, paji, pua, mashavu, kama anayesoma.

"Umekuwa mukubwa," akasema.

Akangoja. Alikuwa anangoja nimwambie kitu, chochote. Angekaa pale na plasta yake mpaka jua lizame. Ile sentensi ilikuwa imefika kwenye meno. Mgeni husindikizwa mpaka barabarani, na mgeni mpendwa mpaka stendi. Nilirudi nyuma hatua moja. Akavuka kizingiti, nami nikaufunga mlango.